Blanketi Lililonadiwa Kanisani

Sikulipenda lile kanisa, na lenyewe halikunipenda. Lilikuwa la Kiepiskopo, yaani Waanglikana wa Marekani, jengo la mbao katika mji mdogo nje ya Saint Paul, na wazungu waliobaki humo hawakujaza mabenchi mawili. Asubuhi lilikuwa lao. Alasiri walituazima jengo sisi, Wakenya wachache na familia za Wakongo, tusali kwa Kiswahili. Kulikuwa na bibi mmoja Mkongo niliyempitia kwa gari mtaa wa Phillips kila Jumapili, na hakuna kanisa lingine la Kianglikana ambako angeelewa mahubiri. Kwa ajili yake nilivumilia.

Cha kuvumilia kilikuwa mzee wa kanisa wa wale wazungu. Alitungoja mlangoni atusimulie historia ya jengo: mbao zilivyoletwa kwa mto, jiko la kupasha joto lilivyoharibika majira ya baridi ya kwanza, wanawake wakaunga viraka na kushona blanketi la kujifunika wakati wa sala. Alinisimulia hayo miaka na miaka. Jina langu hakuwahi kuniuliza.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kwetu, ukileta kabichi au mayai unaweka mbele ya madhabahu, na ibada ikiisha vyote vinanadiwa. Asubuhi ile wazungu walikuwa wametandaza blanketi lao hapo mbele kusherehekea jengo, wakaliacha. Nilikuwa nimelisikia tu, sijawahi kuliona. Mwinjilisti wetu alilikuta katikati ya maboga na sukuma wiki, akalinadi. Bibi akapandisha dau hadi wengine wakaacha. Alikuwa anatetemeka kwa baridi tangu aliposhuka kwenye ndege.

Kesho yake mzee alinipigia simu, kwa namba aliyopewa na mwinjilisti, akifoka kama tumechoma paa. Siku hiyohiyo nilimpeleka bibi kulirudisha, limekunjwa vizuri. Mzee hakushukuru. Alisema bibi asimame mbele ya watu wote, wao na sisi, aombe msamaha kwa kuiba historia ya kanisa, la sivyo tutafute pengine pa kusalia. Mwinjilisti, mtu mwoga, akaitikia kwa niaba yake. Siku hiyo nilimchukia karibu sawa na mzee.

Jumapili wazungu walibaki hadi alasiri. Sijawahi kuwaona wengi vile. Bibi alisimama mbele, mimi pembeni yake nitafsiri.

“Umuambie ile bulangeti nililipa, na nimerudisha,” alisema. “Musamaha nilishaomba mbele ya watu wa bunduki, juu nilitaka kuishi. Huyu hana bunduki.”

Mwinjilisti alinikodolea macho nilainishe. Ningeweza. Wale wazungu hawajui hata salamu yetu. Ningesema mama anasikitika sana, wakapiga makofi, tukaendelea kuazimwa jengo. Lakini nilikuwa nimechoka na mtu yule hadi kooni. Nilitafsiri kila neno, na hilo la bunduki nikalipandishia sauti.

Jumapili iliyofuata ufunguo tuliopewa haukuingia. Walikuwa wamebadilisha kitasa. Watu walianza kunung'unika kwenye theluji, wengine wakinitupia macho mimi, na walikuwa na haki. Bibi alinishika mkono.

“Binti, ulimuambia yote?”

“Yote, mama.”

“Aya. Unirudishe nyumbani.”