Nilijenga kernel yangu Kibiti, ikaenda kuwa bubu kwenye mpunga wa mama Mbwera

Wakuu, salaam kwenu wote, wa Linux, wa Windows, na nyie mnaosoma kimya kimya bila hata kuacha like.

Haya yamenikuta mwenyewe. Hakuna chai humu. Atakayeona natia chumvi aje Mbwera nimwonyeshe kona ya shamba iliyobaki mashuke matupu.

Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu na laptop hapa Kibiti. Shule ya kompyuta sikusoma, nimejifunza humu humu jukwaani na YouTube bando likiruhusu.

Mama yangu yuko Mbwera, kule visiwani delta, analima mpunga.

Kwa wasiojua kwetu: mpunga ukishatia maziwa, mtu hakai kijijini. Anahamia shambani, anapanda dunguni, yaani kile kibanda cha juu ya miti, na kazi yake kutwa nzima ni kuamia ndege. Anapiga kelele, anagonga debe, anarusha kombeo. Akishuka kwenda kuchota maji tu, kundi zima linajimwaga.

Sasa mwaka huu mpunga umetia maziwa, na Saada anaolewa Ikwiriri.

Saada ni binti wa mama mdogo. Na mama yangu ndiye somo wake, ndiye aliyemfunda tangu akiwa mwali. Wa pwani mnajua, harusi inaweza kukosa mziki, inaweza kukosa hata soda, lakini bibi harusi hatolewi ndani kama somo wake hayupo.

Mama akasema haendi. Akanijibu kwenye simu, "Nikienda miye, mpunga ataula nani? Ndege. Na mwaka mzima tutakula nini? Harusi?"

Kaka na dada zake wote wana mashamba yao, kila mtu yuko juu ya dungu lake. Baba alishatangulia. Saada analia Ikwiriri, mama ananuna Mbwera, na mimi niko katikati na bisibisi mkononi.

Ndipo nikapata wazo.

Nilikuwa na laptop moja ya mtumba, kamera nzima, kioo kizima, ila spika zake za ndani zilikufa na tundu la earphone limelegea. Nikatafuta kidude cha sauti cha USB, kile kidogo kama flash, unachomeka huku USB, huku unachomeka spika. Nikaandika script: kamera ikiona vitu vinashuka kwenye mpunga, laptop inapiga kelele, tena inabadilisha badilisha, maana ndege wakizoea sauti moja hawakuogopi tena.

Nikapanda boti Nyamisati, nikaenda kujaribu. Sauti nilirekodi pale pale, ya mama mwenyewe akiamia. "Haaaa! Haiiii! Tokeni!" Nikaunga na spika ya mziki ya betri niliyokwenda nayo, nikawasha.

Ndege waliruka hadi wa shamba la jirani. Bi Pili, mama wa dungu la pili, akauliza kwa mbali, "Weye, umejifungua mapacha huko?"

Mama akacheka. Akasema basi, harusini ataenda.

Tatizo likabaki moja. Laptop nzito, inawaka taratibu, RAM yenyewe ya kubahatisha, na sola ya dunguni ni ndogo. Ilikuwa inazima kabla ya adhuhuri.

Nikajiambia, nitarudi Kibiti niitengenezee kernel yake, yaani ule moyo wa Linux unaoongoza vyuma. Nitoe makorokoro yote, nibakize driver za kuendesha vifaa vyake tu.

(Wataalamu najua mtasema kernel ndogo haiokoi umeme kihivyo. Nimeshasikia. Wakati ule sikuwa najua, niacheni niendelee.)

Spika na kile kidude nikaviacha kule kule dunguni. Nivibebe vya nini wakati narudi?

Haya, Kibiti. Kazi ikaanza na nikaanza kuchanganyikiwa mapema tu.

Nilianza kwa kusoma sticker ya chini ya laptop. Nikagoogle ile model, nikapata wifi card yake ni ipi, nikatafuta driver yake, nikaiweka. Kernel ikawaka, wifi hakuna. Nikarudia. Hakuna. Nikaanza kudhani laptop ina jini.

Ndiyo nikapiga lspci -k. Kumbe wifi card iliyomo ni ya kampuni nyingine kabisa! Mtu aliyeitengeneza kabla yangu alibadilisha card, na inawezekana hata hilo kava la chini si lake. Sticker inasema hili, vyuma vinasema lile.

Hapo nikajifunza jambo ambalo nawaachia bure: laptop ya mtumba haisomwi kwa sticker. Piga lspci -k uone kila kifaa na driver inayokiendesha. Piga lsusb kwa vya USB. Sticker ni hadithi ya marehemu.

Baada ya hapo nikapata kiburi. Nikagundua kuna kitu kinaitwa make localmodconfig. Kwa ambao hamjakitumia: kinaangalia module, yaani vipande vya driver, zilizoamka kwenye mashine saa ile, halafu kinazizima zote nyingine kwenye config. Nikasema huu ndio mchezo, sasa sikisii tena, mashine yenyewe inaniambia inachotumia.

Nikaijenga. Wifi ikawaka, kamera ikawaka, touchpad, mwanga wa kioo, kila kitu. Nikapitia lspci -k mstari kwa mstari, hakuna kifaa yatima. Audio nayo ipo, snd_hda_intel, safi kabisa.

Disk ilikuwa imejaa, nikafuta kernel ya zamani, ile ya kukimbilia mpya ikigoma.

Najua. Najua! Wekeni mawe chini kwanza.

Nikafika Mbwera siku ambayo mama anaondoka. Amevaa, kasha lake liko tayari, boti inamsubiri. Akanikabidhi spika na kile kidude, alikuwa amevifunga kwenye mfuko wa nailoni akavitia ndani ya kopo, visishikwe na chumvi. "Amana zako hizi. Haya baba, mpunga huo. Usiniaibishe mbele ya Bi Pili."

Nikamwambia, "Mama, nenda kacheze ngoma, hapa kuna mtambo."

Akapanda boti. Nikapanda dunguni, nikachomeka kidude, taa yake ndogo ikawaka. Nikawasha script.

Ndege wakashuka. Laptop ikawaona vizuri kabisa, kwenye kioo ikaandika NDEGE. Ikaandika tena NDEGE. NDEGE. NDEGE.

Sauti hakuna.

Wakuu, mnajua kuchanganyikiwa? Sio ile ya kukosa jibu la mtihani. Ni ile ya kuwa na jibu sahihi mbele yako na bado hakuna kitu.

Nikapiga lspci -k. Audio device ipo, driver iko kazini. Nikafungua alsamixer, sauti imejaa hadi juu, hakuna kilichofungwa. Nikapiga aplay, inakwambia playing, inamaliza vizuri bila error. Nikapiga lsusb, kile kidude kinaonekana kwa jina lake. Nikatazama dmesg, ile kumbukumbu ya kernel, inasema kifaa kipya cha USB kimeingia, karibu, basi, haisemi tena kitu.

Kila ninayemuuliza ananijibu mzima. Spika nikaigonga gonga, inatoa mvumo, nzima. Waya nikabadilisha upande. Nikaitoa, nikairudisha, nikapiga bismillahi, nikareboot.

NDEGE, inaandika laptop. NDEGE.

Na kichwani kwangu kuna swali moja tu: mbona mara ya kwanza ilifanya kazi? Kidude kile kile, spika ile ile, dungu lile lile.

Nikafikiria simu. Simu yangu haina tundu la earphone, spika haina bluetooth. Nikajaribu spika ya simu yenyewe, ndege hawakugeuza hata shingo. Nikasema niingie humu kuuliza, network dunguni ikawa inakuja na kuondoka, uzi haupandi.

Muda huo wote wameshakula kona nzima ya upande wa mkondo.

Bi Pili akapaza sauti, "Mtaalamu! Mtambo unasoma gazeti?"

Nikaacha laptop. Nikachukua debe.

Wakuu, niliamia kwa mdomo wangu. "Haaaa! Haiiii!" Kutwa, na kesho yake kutwa, mpaka mama aliporudi. Nimerusha kombeo hadi bega likavimba. Kila nikipumzika natazama ile laptop, nakaa nayo kidogo, napiga command moja mbili, sielewi, hao wanashuka, nanyanyuka tena na debe. Nilikuwa na hasira nayo, na nilikuwa naogopa. Ule mpunga ndio chakula chetu. Nilimtoa mtu mzima kwenye kazi yake kwa maneno yangu.

Mama akarudi mchana, mikono ina hina, uso una nuru. Akasimama chini ya dungu akaitazama ile kona.

Nikafungua mdomo nijieleze, sauti haikutoka. Imekauka kabisa, natoa pumzi tu.

Akasema, "Kompyuta bubu, na mwenyewe bubu."

Kisha akacheka, alhamdulillah. Akapanda, akatazama sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, akasema, "Umeamia. Kona hiyo ni sadaka ya ndege. Saada ametoka ndani nimemshika mkono, na hilo ndilo nililolitaka."

Akafungua kasha akatoa hotpot imefungwa kwa kanga. Pilau ya harusi, nyama zimejaa juu.

Kwa ile sauti ya kunong'ona nikamwambia, "Mama, pilau ya Ikwiriri imenifikaje? Mimi si sikuwepo."

Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Ndiyo nikakutengea kabla watu hawajapakua. Aliyepo si anajipakulia mwenyewe? Anayetengewa ni asiyekuwepo."

Basi, tonge nikalirudisha.

Asiyekuwepo.

Kidude hakikuwepo! Wakati napiga localmodconfig Kibiti, kidude kilikuwa Mbwera ndani ya kopo la mama. Module yake haikuwa imeamka, kwa hiyo config ikaizima. Kernel ilipakulia waliokuwepo mezani tu. Na ile audio iliyokuwa inanijibu mzima mzima ni ile ya ndani, ambayo spika zake zimekufa. Ilikuwa kweli inapiga sauti ya mama, inaipeleka kwa spika maiti.

Nikavuta laptop na mkono wa mafuta ya pilau, nikapiga lsusb -t, ambayo inaonyesha kila kifaa cha USB na driver yake. Kidude kipo, class ni Audio, upande wa driver hakuna mtu. Yaani jibu lilikuwa command moja mbele ya pale nilipoishia.

Mama anauliza, "Nyama mbichi?" maana nimeacha kula.

Nikarudi Kibiti, nikasafisha disk, nikairudisha kernel ya zamani yenye driver zote, nikawasha nayo ndipo nikaijenga yangu upya. Safari hii nilichomeka kidude kwanza, module yake, snd-usb-audio, ikaamka. Nikachomeka na flash, na modem, na mouse ya kuazima, kila chenye mkia wa USB kibandani, ndipo nikapiga localmodconfig. Halafu nikaingia menuconfig kwa mkono kuongeza vya watu ambao hawajafika. Na kernel ya zamani sikuigusa, imekaa kwenye GRUB, ile orodha ya kuchagua unapowasha mashine.

Nikawahi Mbwera kabla ya kuvuna. Mama alikuwa chini anaosha vyombo. Nikachomeka, ndege wakashuka, na sauti ikatoka juu ya dungu: "Haaaa! Haiiii! Tokeni!"

Ndege wote juu.

Mama akanyanyua kichwa, mkono una povu, akasahau kabisa kwamba ni yeye. "Nani huyo anaamia shambani kwangu?"

Bi Pili akamjibu kutoka dunguni kwake, "Ni weye, shoga. Kaoshe vyombo vyako, uko kazini."

Nilichojifunza: lspci -k na lsusb zinakuonyesha aliyepo. Lsusb -t inakuonyesha aliyepo lakini hana wa kumhudumia. Ambaye hayupo hakuna command ya kukuonyesha, unatakiwa umkumbuke mwenyewe kabla hujapakua.

Bado kuna jambo linanitatiza, wakuu. Kwa nini dmesg inakaa kimya kifaa kikikosa driver? Si ingepiga kelele hata kidogo? Mwenye maelezo ashushe, nipo nasoma, sauti tu ndiyo haijarudi vizuri.

Na nyie mliowahi kujenga kernel zenu, semeni ukweli: mlimsahau nani?