Mlango wa Upande wa Lempi

Mama yake Kauko alipoanza kuwa kiziwi, hakulalamika kwamba hasikii watu. Watu, alisema Lempi, hawana jipya. Alichokililia ni tango, ule muziki wa dansi wa redioni. Redio ya jikoni aliipandisha sauti hadi vikombe vikatikisika kabatini, na bado aliitazama kwa hasira kana kwamba imemnunia. Kifaa cha masikio alichopewa hospitali alikitupa kwenye droo ya vijiko, kwa sababu, alisema, kinamlilia kama mbu.

Kauko Rintala, mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka hamsini na ushee, hajaoa, mfanyakazi wa kiwanda cha mbao nje kidogo ya mji mdogo wa Alajärvi, kaskazini kwenye theluji. Tangu ujana alikuwa na ugonjwa mmoja tu: milango ya magari. Wenzake waliachana na mambo hayo walipooa. Yeye hakuoa, hakuachana. Gari likiingia katika gereji yake iliyoshikana na nyumba, lilivuliwa ubao wa ndani wa mlango, likachongewa mwingine wa plaiwudi, likategwa spika pana kama sinia, kisha ubao ukavishwa kitambaa kilichovutwa mpaka kisibaki na kunyanzi hata moja. Yote hayo aliyafanya kimya. Huko kwao mtu akitoa maneno kumi kwa siku, la kumi na moja anaambiwa ana kelele.

Basi akamtengenezea mama yake mlango. Katika gari lake kuukuu la kijani, upande wa abiria, aliitega spika ya besi chini kabisa, pale paja linapoegemea. Siku ya kwanza Lempi aliketi, tango likaanza, akaweka kiganja juu ya kitambaa na kutulia. Hakusema asante. Alisema, "Kumbe huyu mpiga kodiani bado yu hai."

Tangu hapo, kila alasiri, tango za redio zikikaribia, alipita mlango mdogo wa jikoni unaoingia gereji, akakaa garini na kahawa yake. Gari lilikuwa limesimama tu, maana Kauko alikwenda kazini na pikapu. Na kwa kuwa baridi ya kule haina mchezo, sakafuni mwa gari kulikuwa na hita ndogo ya umeme, waya wake umepita chini ya mlango mkubwa wa gereji hadi kwenye soketi ya ukuta wa nje, yenye saa ya kuwasha umeme kwa wakati uliotegwa. Majira yote ya baridi watu wa huko huzungusha saa hiyo bila kufikiri, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Kauko aliizungusha kila asubuhi, ili mama akute kiti kina joto.

Asubuhi moja ya Januari aliona kona ya kitambaa imebanduka mlangoni, pale Lempi anaposugua kiganja. Akachukua kopo la gundi, ile kali wanayotumia mafundi viatu, akapaka, akavuta kitambaa, akabana. Gundi haipendi baridi, kwa hiyo akafunga milango yote ya gari. Akazungusha saa, akaenda kazini.

Wakati wa mapumziko Pentti, mwenzake wa mashine ya msumeno, alimkunjia pua. "We Kauko, leo umekunywa gundi badala ya kahawa?"

"Mlango wa mama. Kona ilibanduka."

"Uliacha madirisha wazi lakini? Mvuke wa kitu kile ukikutana na cheche, bwana, utajikuta umekaa juu ya paa unawasalimia majirani!"

Watu wakacheka. Kauko naye akacheka, akamega mkate, kisha akaacha kutafuna.

Aliliona kopo. Aliliona waziwazi kuliko meza iliyo mbele yake: sakafuni mwa gari, halina mfuniko, brashi imo ndani, limetazamana na mdomo wa hita. Akajaribu kukumbuka kwamba leo hakuizungusha saa. Akajaribu tena. Mazoea yana taabu. Mkono wake ulikuwa umefanya kazi yake wala haukumuuliza. Tango za redio zilikuwa karibu kuanza.

"Kauko? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Hita," alisema. "Nimewasha hita. Mama anaingia mle."

Pentti hakuuliza zaidi. Alitoa simu. "Kimbia! Zimamoto nawapigia mimi!"

Barabara ilikuwa barafu tupu, na Kauko aliiendesha pikapu namna ambayo siku zote aliwatukania vijana. Simu ya jikoni iliita, ikaita, ikakatika. Alijua haitapokelewa, na bado alipiga tena, kwa sababu kutopiga kungekuwa kama kukubali. Alikuwa akiogopa vibaya, kama mtoto aliyeachwa msituni, na hakuwa na hata aibu ya kuogopa.

Akampigia Airi, mjane wa ng'ambo ya shamba.

"Bi Airi, nenda kwetu sasa hivi. Mtoe mama gereji."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nenda tu! Nenda!"

Alipokata ndipo alipofikiria swichi ya taa. Gereji ina giza. Airi atafungua mlango, atapapasa ukuta, atawasha taa, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na swichi ile kuukuu ilikuwa na tabia ya kutoa cheche. Amemtuma mwanamke wa pili kwenda kufa. Akampigia tena. Simu iliita bila kupokelewa. Bila shaka Airi ameiacha mezani na kukimbia. Kauko alipiga usukani kwa ngumi akamwita Mungu, ambaye hakuwa amezungumza naye tangu mazishi ya baba yake.

Nyumba ilikuwa imesimama. Hilo ndilo la kwanza aliloliona, na machozi yalimtoka. La pili alilisikia kabla hajafungua mlango wa pikapu. Dum, dum, dum. Besi ilipenya ukuta wa gereji, nzito, safi, haina mtetemo mbaya hata kidogo, kazi ya mikono yake mwenyewe. Mama alikuwa mle ndani.

Airi alikuwa akiupiga teke mlango mkubwa wa gereji, kilemba cha sufu kimemvuka.

"Umeganda na barafu! Na wa mbele kajifungia kama kawaida yake! Nagonga, nagonga, hasikii!"

"Usiwashe kitu! Rudi nyuma!"

Kwenye soketi ya ukutani kitaa chekundu kilikuwa kinawaka. Hita ilikuwa imeshaanza kazi. Kauko aling'oa waya kwa mikono miwili akaanguka nao kwenye theluji, akainuka, akafungua mlango wa mbele kwa ufunguo wake, akapita jikoni gizani huku akizuia pumzi.

Harufu ilimpiga kabla hajafika. Akaona kichwa cheupe cha mama yake kimeegemea mlango, shavu liko juu ya kitambaa kilichogundishwa upya. Ndipo akakumbuka kwamba ukifungua mlango wa gari, taa ya ndani huwaka. Alisimama. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini katika maisha yake yote hakuwahi kusimama mahali kwa muda mrefu kama ule. Kisha akasema liwalo na liwe, akafungua.

Taa iliwaka. Haikutokea kitu.

Alimbeba mama yake kifuani, kikombe kikaanguka, tango likaendelea nyuma yao. Alipita naye jikoni, akatoka hadi katikati ya uwanja, akapiga magoti kwenye theluji akiwa amempakata. Lempi alikuwa mwepesi kuliko ubao wa mlango. Hakutikisika, mvuke wa gundi ulikuwa umemlevya. Kauko alimpulizia usoni, akamsugua mikono, akamwita. Gari la zimamoto lilikuwa likiingia uani, na watu wakishuka mbio na mabomba, Lempi alipokohoa na kufumbua jicho moja.

"We mtoto, unanibeba kama gunia la viazi. Wimbo ulikuwa haujaisha."

"Niliogopa, mama."

"Nini?"

"Niliogopa."

"Sikusikii. Sema kama mtu mzima."

Wazimamoto walisimama. Airi alisimama, kilemba mkononi. Kauko Rintala, ambaye hata kwenye mazishi ya baba yake alitikisa kichwa tu, alijaza kifua hewa ya baridi.

"NILIOGOPA UTAKUFA!"

Sauti ilivuka shamba, mbwa wa mbali akabweka. Lempi alimtazama, akawatazama na wale wanaume wote wenye kofia ngumu, akamvuta mwanawe kola.

"Basi, basi. Watu wanasikia."

"Waache wasikie," alisema Kauko, akalipaza tena neno lile lile.