Jibu la Mrunal

Mzee Dinkar Ghatpande alifanya kazi miaka thelathini na minne posta ya Nagpur, chumba cha barua zilizokosa wenyewe. Mwonyeshe muhuri uliofutika nusu, atakwambia uligongwa wapi na kama aliyegonga alikuwa na haraka. Alijivuna sana kwa hilo, tena alikuwa mgumu, Mungu shahidi.

Mkewe alipofariki, binti yao wa pekee, Mrunal, alimtumia kompyuta kutoka Pune alikofanya kazi na kumfungulia barua pepe. Lo, alijitakia! Kila asubuhi mzee akawa anampelekea picha ya mungu Ganpati, chini yake maua ya manjano, chini yake dua. Akiwa na neno lake mwenyewe, aliliweka mwisho kabisa, maana alikolelewa barua haianzi na shida ya mtu, inaanza na mungu.

Mrunal alikuwa bosi huko kazini, na barua zilikuwa zinamfika shingoni. Jumapili moja akakaa kuzifagia: matangazo ya viatu, mikopo ya nyumba, na baba yake. Akaiamuru kompyuta kila kitokacho kwa Baba kiende takatakani, na jibu lijiendee lenyewe: "Nzuri sana, Baba. Uwe na siku njema." Akashusha pumzi, akaenda saluni.

Mzee alitamba na majibu yale mtaa mzima. Hata Shevantabai, jirani aliyempikia, alichoka kusomewa.

Mwezi wa pili daktari akamwambia ana presha ya macho. Asipopasuliwa ndani ya miezi mitatu, atapofuka, na hospitali haimgusi bila mtoto wake kuja kutia sahihi. Mzee akaandika yote hayo chini ya maua. Jibu likaja dakika ileile: "Nzuri sana, Baba. Uwe na siku njema."

Aliyezeeka na mihuri anajua kipi kimeandikwa na mtu na kipi kimegongwa na mashine. Alikaa pale mpaka chai ikapoa. Shevantabai akamsihi apige simu, simu yenyewe iko mezani. Wapi! Posta humkumbusha mtu mara tatu, kisha jalada hufungwa. Akaandika mara ya pili, akaandika ya tatu, akajibiwa vilevile, akafunga jalada. Kiburi kilimla macho, lakini hakikula peke yake.

Mrunal alikuja sikukuu ya Ganpati, akamkuta baba yake anapapasa ukuta kutafuta mlango. Akafoka, akalia, akauliza kwa nini hakuambiwa. Mzee alisema tu kwamba sanduku lake la barua limejaa, na amesikia yeye ni hodari wa kulipunguza.

"Anza na anayenisumbua zaidi," akasema.

Mrunal akazipanga kwa majina ya waliotuma. Jina moja likajaza ukurasa.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Baba."

"Ngapi?"

"Mia mbili na arobaini."

"Basi nisomee kwanza, mwanangu. Mimi sioni tena."

Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Kwenye ya tatu sauti ikamkatika, mzee akamngojea, hana haraka.

"Sasa ile ya tarehe kumi na tisa, mwezi wa pili. Soma na niliyokuandikia mimi, yamo humo chini ya jibu."

Akaiona kwa mara ya kwanza, chini ya maua: macho, miezi mitatu, sahihi. Alisoma mpaka mwisho, kisha akateleza kitini akaishika miguu ya baba yake. Akamwomba msamaha, akamwambia kesho watakwenda Mumbai kwa madaktari wakubwa. Mzee akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba madaktari walishamaliza naye tangu mwezi wa sita.

"Hujanisomea jibu," akasema.

"Baba, tafadhali."

"Soma."

Mrunal akapanda kitini. "Nzuri sana, Baba. Uwe na siku njema."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaegemea vizuri. Jikoni Shevantabai alikuwa anapakua modak tamu za sikukuu, na hakuthubutu kuzileta.

"Zilizobaki," mzee akasema. "Moja moja."