Pengwini wa Fundi Viatu

Fundi viatu wa ghorofa ya chini, pale mjini Rosario, kila Jumapili huvisugua kwa limau vidole vyake vyeusi kwa kiwi ya viatu, hadi vinuke kama saladi. Kisha hupika dengu na soseji, akionja kwa kijiko kilekile anachotumia kumtishia paka wake. Divai yake nyekundu ni ile rahisi ya boksi. Huimimina kwenye jagi lenye umbo la pengwini, na Delmira, jirani wa juu, hushuka na chupa yake ya maji ya soda ili waizimue. Wiki nyingi sasa Delmira anamsikia akianza, “Nilikuwa nawaza, ungekuwa unakuja kila jioni...” kisha fundi anakimbilia habari za mpira.

Jumapili hii Delmira alikuta kitambaa cheupe mezani, chupa ndefu ya bei ya jozi ya buti, na fundi kafunga tai kama mshtakiwa. Walikunywa kidogo kidogo.

“Jirani, pengwini kafa?” Delmira akauliza.

“Nimemficha. Nilitaka leo uwe mgeni wa heshima.”

“Mgeni huondoka, mzee wangu. Mtoe huyo ndege.”

“Na hii chupa?”

“Itie kwenye dengu.”

Akaitia, tai ikijichovya kwenye mchuzi, kisha akamrudisha pengwini mezani. Wakacheka, wakala mpaka wakakwangua sufuria. Delmira alipoaga, fundi alimkimbilia mlangoni na chupa yake ya maji ya soda, ikiwa bado nusu.

“Umesahau hii.”

“Sijasahau,” Delmira akasema, akipanda ngazi. “Kesho unapika nini?”