Wiki Mbili za Bwana wa Maswali

Niliwahi kuposwa na mtu ambaye hakujua kwamba anaposa.

Nilikuwa naishi mji wa Dessie, Ethiopia, kwa shangazi Yeshimebet, baada ya kuachia shule darasa la nne. Mimi ni mtu wa aibu. Ukiniuliza jina, naangalia vidole vya miguu.

Bwana Demissew, mgane mwenye mashine ya kusaga teff, nafaka yetu ya mkate, alikuwa amenitaka. Wazee wake walikuja, shangazi akawajibu kama desturi: "Tutashauriana, rudini." Wakija mara ya pili ndipo hukubaliwa.

Nikawa nasubiri kama mtu wa kung'olewa jino.

Kabla hawajarudi, akaja Henok wa chuo kikuu, anauliza wasichana maswali. Kijana, viatu safi. Wazee wawili wa mtaa wanamsindikiza, shuka nyeupe mabegani.

Shangazi akakaanga kahawa.

"Dada Birke, umeridhika na maisha yako? Moja ni hapana kabisa, saba ni sana."

Nikanong'ona, "Mbili."

"Yanakaribia maisha unayoyataka?"

"Moja."

Akaandika. "Nitarudi baada ya wiki mbili, niulize haya haya."

Walipotoka, shangazi akakaa taratibu.

"Umeona?"

"Nimeona nini, shangazi?"

"Msomi, wazee wawili, anakuuliza kama umeridhika hapa kwangu, halafu anasema atarudi. We mtoto umelala? Siku hizi wanaanza kwa binti mwenyewe."

"Amesema ni utafiti."

"Ndiyo. Anakutafiti wewe."

Wazee wa Demissew waliporudi walipewa kahawa, jibu hawakupewa. "Binti bado mdogo," shangazi akasema. Binti yule yule aliyekuwa mkubwa Jumapili iliyopita.

Wakaondoka wamenuna. Siku chache baadaye tukasikia Demissew kaposa mtaa wa pili, na huko hawakumzungusha.

Siku hiyo nilichota maji nikiimba. Mimi, Birke.

Henok akarudi. Kuku yuko jikoni, nimevalishwa gauni jeupe.

"Leo ujibu vizuri," shangazi akaninong'oneza. "Mara ya pili ndiyo ya kukubali."

"Umeridhika na maisha yako?"

"Saba."

Kalamu ikasimama. "Yanakaribia unayoyataka?"

"Saba."

Akafunua majibu ya mwanzo, akakuna kichwa.

"Dada, mimi napima kama maswali haya yanaaminika. Mtu yule yule, maisha yale yale, majibu hayatakiwi kuruka hivi. Kuna jambo kubwa limekupata hapa katikati?"

Shangazi ananitazama. Ningesema nini? Kwamba nimeponea chupuchupu kuozwa, na aliyeniponya ni huyu huyu anayeniuliza?

"Hakuna," nikasema.

Akapiga mstari juu ya majibu yangu. Hayafai. Kisha akala kuku, akausifu mchuzi, akatoa simu kumwonyesha shangazi picha ya mke wake na mtoto.

Mgeni alipofika barabarani, shangazi akaanza.

"Saba, saba. Saba ya nini sasa?"

Nikaosha vyombo.

Ndugu msomaji, ukimuuliza mtu furaha yake mara mbili na majibu yakagombana, usikimbilie kusema maswali mabovu au mtu mwongo. Huenda kuna mzigo umetuliwa wakati wewe hukuwepo.

Ile mbili ilikuwa kweli. Ile saba pia. Nilidanganya jibu moja tu, "Hakuna", na ndilo pekee aliloliamini.