Kompyuta ya Barisa na Maji ya Tana

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Garsen inayonirudia kila ninaposikia swali kama lile uliloniuliza jana. Ulitaka kujua kama kompyuta unayoiunda uipoze kwa maji au uiachie feni. Uliuliza huku ukinionyesha picha za mipira ya kupitishia maji inayong'aa rangi ya buluu, na nikaona wazi kwamba moyo wako umekwisha kuamua, ulikuwa unatafuta tu mtu mzima wa kukubariki. Nikakuambia nitakujibu leo. Basi keti, kunywa chai yako, na usiniharakishe, maana jibu lenyewe lina ndugu yangu ndani yake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati madimbwi ya yale mafuriko makubwa ya mto Tana yamekwisha kukauka na vumbi limerudi mahali pake. Mimi nilikuwa nasoma ufundi wa vifaa vya umeme Mombasa, msichana wa Kiorma peke yangu darasani, na kichwa kilikuwa kimevimba kidogo. Nikirudi Garsen likizo, hakuna redio iliyosalimika. Hata iliyokuwa nzima niliifungua nione imefungwaje.

Kaka yangu mkubwa, Barisa, alikuwa mchungaji tangu utotoni. Kiangazi kimoja aliwapeleka ng'ombe kwenye nyasi za kule delta, na nyati akamgonga akamvunja nyonga. Alipona, lakini tangu hapo alitembea kwa magongo, na ng'ombe wetu wakachungwa na watoto wa baba yetu mdogo. Watu walimpenda, na mapenzi hayo yalimchosha. Walimletea maziwa kabla hajasikia njaa, walimshika mkono pale ambapo hakuhitaji kushikwa, na akiulizwa jambo, mtu mwingine alimjibia. Mwishowe karani mmoja mstaafu alimfundisha kupiga chapa. Barisa akapata kichumba kando ya kinu cha kusagia mahindi, akawa anawapigia watu barua na maombi ya kazi kwa taipureta iliyochoka, ambayo ukikosea neno unaanza ukurasa upya.

Kisha habari ikaenea mjini kwamba kuna mtu anataka kufungua ofisi ya kompyuta karibu na stendi. Nilijua maana yake. Watu wangehamia huko wote, na Barisa angerudi kuketi nyumbani akiletewa maziwa. Hilo lilinikosesha raha kabisa. Nikaapa kwamba kaka yangu atakuwa na kompyuta kabla ya huyo mtu, na yake itakuwa bora kuliko ya yeyote kati ya Malindi na Garissa. Unaona jinsi nilivyoanza. Hapo tayari nilikuwa nashindana.

Nilikusanya vipande Mombasa, kimoja kimoja, vingine vipya na vingine vilivyotolewa kwenye mashine zilizokufa. Shida ikawa joto. Wewe hulijui joto la Garsen la mwezi wa pili, mwanangu. Ukiweka mkono juu ya bati unauondoa ukiwa na somo. Na prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote, ni kitu kinachotoa joto chenyewe hata kikiwa mahali pa baridi. Juu ya joto kulikuwa na unga. Kinu kilikuwa ukuta wa pili, na kikianza kusaga, kila kitu chumbani kwa Barisa kilipata poda nyeupe, pamoja na nyusi zake. Feni ya kawaida ingevuta unga ule ndani ya kasha siku nzima.

Sasa, injini ya kile kinu ilikuwa ya dizeli, na ilipozwa na pipa kubwa la maji lililosimama nje. Maji yalipanda kwa bomba yakiwa moto, yakashuka yakiwa yamepoa, na injini ikanguruma mwaka baada ya mwaka. Sisi wote tulikua tukilitazama pipa lile. Ungemuuliza mtu yeyote wa Garsen wakati ule kama mashine inahitaji maji, angekushangaa kwa nini unauliza. Nami nikasema, kama maji yanaipoza injini ile, yatashindwaje kukipoza kitu kidogo kama prosesa? Nilikuwa nimesoma kwenye gazeti moja la mafundi kwamba kuna watu ng'ambo wanafanya hivyo nyumbani kwao, wanailazimisha kompyuta ikimbie kasi kuliko ilivyokusudiwa na wala haiungui.

Basi nikaunda. Nilichongesha kipande cha shaba kilichotobolewa njia ya maji ndani, nikapata pampu ndogo iliyotoka kwenye tangi la samaki wa mapambo, na rejeta ndogo, kile kifaa cha kupozea maji, iliyotolewa kwenye hita ya gari bovu. Nikaviunga kwa mipira, na mtungi wa kioo ukawa ndilo pipa langu. Maji yalikuwa yale safi yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea kwenye betri. Ningefunga kasha lote, unga usiingie, na rejeta ningeitundika nje ya dirisha. Nakuambia ukweli, haikuwa fikra mbaya. Mwalimu wangu aliitazama akasema kitu kimoja tu, kwamba nijaribu kwanza mzunguko wa maji peke yake, kompyuta ikiwa mbali, nione kama unavuja.

Nilifuata. Pale Garsen niliuweka mtambo wa maji juu ya meza ya Barisa bila kompyuta, nikauunga kwenye umeme wa jenereta ya mwenye kinu, na maji yakaanza kuzunguka vizuri. Barisa alitazama bila kusema mengi. Nilidhani ameduwaa kwa furaha. Nikamwambia nakwenda kumwona mama kijijini, nitarudi asubuhi inayofuata, na yeye asiguse kitu.

Asubuhi hiyo ndiyo ninayokuambia. Nilikuta pampu kimya, na mtungi wangu wa kioo una maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nilisimama mlangoni nikahisi machozi ya hasira. Ndani walikuwamo Barisa, mwenye kinu, ambaye alikuwa Mpokomo mmoja mpole, na shangazi yetu Halima aliyekuwa amekuja kumjulia hali kaka. Wakati Barisa alipotoka kuswali, shangazi alikuwa ameona maji ya mtungini yamepungua kidogo. Akachukua dumu la maji ya mto, akajaza hadi juu. Matope ya Tana yakaingia kwenye pampu, pampu ikafa.

Nilimuuliza kwa nini, na sauti yangu haikuwa na adabu niliyolelewa nayo. Shangazi hakukasirika. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili mwenye kinu naye aelewe.

“Mimi naona hii kitu inakunywa, na maji imepungua. Sasa nitakaa hapa naangalia tu? Kitu inakunywa, mtu anaongeza.”

Ungemwambia nini? Mwanamke huyu alikuwa amechota maji kwa ajili ya ndama maisha yake yote. Kwetu mtu hapiti kando ya kilicho na kiu akaenda zake. Jirani yeyote angefanya vilevile, hata mama yangu, hata mimi kabla ya kwenda Mombasa. Shangazi nikamwacha, ila hasira bado ilikuwa inanichemka, nikamgeukia Barisa. Nikaanza kumpangia mambo. Tutafunga mlango kwa kufuli. Watu wasimame dirishani. Maji yakipungua usiongeze mwenyewe, nipigie simu kule Mombasa. Ukiona tone mezani, zima kila kitu, nipigie simu. Usiifungue, usiisogeze, ningoje nije.

Barisa aliniacha nimalize. Kisha akamwomba shangazi na mwenye kinu watupishe kidogo. Alizungumza Kiorma, nami nakupa maneno yake kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

“Dada yangu Hawa, keti. Tangu nivunjike nyonga, mimi ndiye ng'ombe wa nyumba hii. Napelekwa, narudishwa, naletewa maji. Niliposikia unaniletea mashine nilifurahi, nikasema sasa na mimi nitakuwa na kitu cha kuchunga. Halafu unaniletea kitu kinachochungwa na wewe, kutoka Mombasa, na mimi nikae kando nikingoja pamoja nacho.”

Kisha akaniambia jambo la mwisho, kwa upole ulionichoma kuliko kama angenigombeza: nisimpe kitu cha kasi, nimpe kitu anachoweza kukifungua.

Mwanangu, nilikuwa nimehesabu joto la prosesa, nimehesabu unga, nimepima hadi upana wa dirisha la kutundikia rejeta. Sikuwa nimemuuliza Barisa hata swali moja. Nilimpenda mno kaka yangu, na katika kumpenda nilikuwa nimekuwa kama wale wanaomjibia.

Tukakaa, tukaanza upya. Nilimweleza kila kitu kwa mara ya kwanza, naye akauliza maswali ya mchungaji. Aliuliza kama maji yale yanaweza kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Nikamwambia hayawezi, maji hayaumbi baridi, kazi yake ni kubeba joto kutoka hapa hadi pale, na pale ni Garsen. Aliuliza kasi ile yote ya nini. Nikakiri kwamba barua ya kuomba kazi haina haja ya kasi. Akauliza itakuwaje tukiiacha itembee polepole. Nikasema itatoa joto dogo, na feni moja kubwa itaitosha.

“Basi itembee polepole,” akasema. “Na jua likiwa utosini ilale. Hata ng'ombe huwaswagi saa hiyo.”

Ndivyo tulivyofanya. Nilipunguza kasi ya prosesa chini ya ile iliyoandikwa na walioitengeneza, jambo ambalo wenzangu darasani wangelicheka mwezi mzima. Tukaweka feni kubwa, na mbele yake Barisa akashona kipande cha chandarua cha kuzuia unga, ambacho angekitoa jioni, akakifua na kukianika. Mashine tuliiinua kutoka sakafuni, tukaisogeza kwenye ukuta ulio mbali na kinu. Asubuhi alipiga chapa, adhuhuri aliizima na kuifungua ubavuni ipumue, alasiri akaiwasha tena. Kabla sijaondoka nilimfundisha kuifungua yote, kupangusa vumbi kwa brashi laini ya kunyolea, kutoa feni na kuirudisha. Mikono yake ilikuwa imezoea kutoa miiba kwenye kwato, ilikuwa na subira kuliko yangu. Nilimtazama akirudisha skrubu ya mwisho, na sikukumbuka ni lini nilimwona na uso ule.

Yule mtu wa stendi alifungua ofisi yake, kwa taarifa yako, na mashine yake ilikuwa nzuri kuliko yetu. Wateja wengine walikwenda kwake. Wengine walibaki. Barisa alikula kwa jasho lake, na hilo ndilo nililokuwa nahofia angelikosa.

Miezi ilipita. Siku moja niliitwa kwenye simu ya duka karibu na chumba changu Mombasa, nikaambiwa ni kaka yangu kutoka Garsen. Nilikwenda mbio, maana simu ya wakati ule haikuja bure. Nikapokea nikiuliza kabla ya salamu, imeharibika nini, nipande basi la kesho? Barisa akacheka. Akasema ilikuwa imezimika kwa joto juzi, akaifungua, akakuta feni imekwama, akaisafisha na kuitia tone la mafuta ya cherehani, sasa inafanya kazi. Nikamuuliza, basi umenipigia kwa nini?

Akasema, “Sina shida yoyote. Nilitaka tu kukuambia nimeitengeneza.”

Nililia pale dukani, mwanangu, mbele ya watu wanaonunua sukari. Na sijaona haya kwa machozi yale hadi leo.

Sasa lile swali lako. Kama kompyuta ni yako, na wewe ndiye utakayelala nayo chumba kimoja, ukiipenda kasi na ukiwa tayari kuitazama kila wiki, weka maji. Siyo dhambi. Yazungushe kwanza bila kompyuta, siku nzima na zaidi, na utumie maji safi, na ukumbuke kwamba hayatakuwa baridi kuliko chumba chako. Lakini jana uliteleza ulimi ukasema mashine hiyo ni ya mdogo wako wa Hola, ya kumsaidia kazi yake. Hapo nakuomba ufunge hizo picha. Mpigie yeye kwanza. Muulize chumba kikoje, umeme ukoje, nani huingia na kutoka, na anataka afanye nini na mashine hiyo wewe ukiwa mbali. Kisha nyamaza umsikilize hadi mwisho, hata kama jibu lake litakunyima raha ya kuunda kitu cha kujivunia. Ukimuundia mtu kitu, mpe na uwezo wa kukitengeneza. Usimfanye akungoje.

Mola akupe mikono yenye ufundi na masikio yenye subira zaidi. Akuhifadhie mdogo wako, na akujalie siku moja upokee simu yake ambayo haina shida ndani yake.