Kidole Kisichosomeka

Kiwanda cha chai kilipofungwa, kilichonisumbua kwanza ni ukimya. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na saba katika chumba cha kuchambulia chai kavu, na nyumbani kwetu, ng'ambo ya bonde, mafeni ya kiwandani ya kunyaushia majani yalivuma mchana na usiku hadi tukawa hatuyasikii tena. Siku yaliponyamaza, kuku walikataa kutoka bandani. Mama yangu, ambaye haoni vizuri, aliuliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Tumeachishwa kazi tu."

"Wote?"

"Wote."

Akaniomba nimletee khanga yake ya msibani.

Wenzangu waliniambia kwamba kwa kuwa tulikuwa tunakatwa michango ya hifadhi ya jamii, tunastahili fao la kukosa ajira kwa miezi kadhaa. Basi nikashuka hadi Mombo kwa basi la asubuhi, nikaunganisha mpaka mjini. Ofisini nilihudumiwa na binti mmoja mpole. Aliniamkia, akapokea barua yangu ya kuachishwa kazi na kitambulisho, kisha akanisogezea kijimashine.

"Weka kidole hapo, mama."

Nikaweka. Kikawaka taa nyekundu.

"Jaribu kingine."

Tulijaribu vyote kumi. Tulipangusa, tukapaka mafuta, tukapangusa tena. Nyekundu. Binti akanishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole vyangu zilikuwa laini kama kokwa la parachichi.

"Vimelika," alisema polepole. "Mashine haioni mtu."

Akanishauri nipake glisirini kila siku, nipumzike kufua kwa mikono, nirudi baada ya wiki mbili. Pia alinipa fomu mbili za madai, moja ya akiba, zikagongwe muhuri wa mwajiri.

Kwenye basi la kurudi, kondakta alidai nauli kila kiti, akaniruka mimi. Sijui kwa nini niliogopa vile. Nilimwita mwenyewe, na alishtuka kama mtu aliyesemeshwa na kiti kitupu.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kiwandani, kwa sababu ofisa utumishi alikuwa bado anakuja siku hiyo kumalizia karatasi zetu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliuona ukuta wa kiwanda nilipokaribia kuugusa. Mlinzi alisema ofisa hajafika, nikasubiri ndani nisilowe.

Pale mlangoni ilikuwepo mashine ya mahudhurio, taa yake inawaka. Umeme ulikuwa umeachwa kwa ajili ya taa za ulinzi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikaweka kidole, na ile sauti ya kike ikanishukuru kwa Kizungu, kama ilivyofanya kila asubuhi. Jina langu likatokea, na saa ya kuingia.

Niliuondoa mkono haraka. Mlinzi alicheka kidogo, bila furaha.

"Hiyo ilivisajili hivyohivyo vilivyolika, ndiyo maana inakujua. Hata mwenzako inampokea kila siku."

"Mwenzangu yupi?"

Akaelekeza kidevu gizani. Karibu na tanuri la kukaushia alisimama fundi wetu mkuu, mzee aliyeliendesha tanuri lile tangu mimi sijaajiriwa. Alivaa ovaroli safi, iliyopigwa pasi. Kiganja chake kilikuwa juu ya chuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umechelewa."

Sikujua nicheke au nikimbie. Nikamweleza habari za fao, kwamba naye anastahili, kwamba fomu ninazo mbili.

"Mwanangu," alisema, "ukishaandika kwamba huna kazi, ndipo unapokuwa huna." Akaondoa mkono. "Hebu gusa. Bado lina joto."

Nikagusa. Kweli palikuwa na joto, ukubwa wa kiganja kimoja. Pembeni yake chuma kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Ofisa alipofika, alizigonga muhuri fomu zote mbili. Baada ya wiki mbili za glisirini nilirudi mjini, na kidole cha kati cha mkono wa kushoto kikawasha taa ya kijani. Binti alipiga makofi. Mimi nililia mbele za watu. Fao lilipoanza kuingia, nilinunua mbegu za karoti na kabichi, nikalima kile kiwanja chetu kilichokuwa kimelala.

Mwezi mmoja baadaye, siku ya Jumatatu, umeme wa kiwanda ulikatwa. Mlinzi aliniambia kwamba asubuhi hiyo mzee aliweka kidole mara tatu, mashine ikakaa kimya, naye akageuka akaenda zake. Siku ya tatu alipiga hodi kwangu.

"Ile karatasi bado unayo?"

Tulikwenda pamoja. Mashine ya ofisini ilimsoma mara ya kwanza tu. Binti akachukua kalamu.

"Siku yako ya mwisho kazini, baba?"

Mzee alifikiri sana. "Jumatatu," alisema.

Binti alinitazama mimi. Nilimtajia tarehe iliyokuwa kwenye barua zetu za kuachishwa kazi, akaiandika. Mzee aliisoma tarehe ile muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti, kisha akaweka sahihi na kuuliza kama anaweza kukaa kidogo kwenye benchi kabla hatujaondoka. Tulikaa mpaka walipofunga.